Sponji ya eakilina imejaa oili nyeusi: ioshwe, ipakwe oili tena, au itupwe?

Swali: "Wataalamu, habari zenu. Nimenunua pikipiki iliyotumika, sisi 150, silinda moja, ya kabureta. Nilipofungua boksi la eakilina (chujio la hewa) nimekuta sponji nyeusi inayonata, na chini ya boksi oili nyeusi imetuama, kama vijiko viwili vya chakula. Fundi wa kwanza anasema niioshe kwa petroli, niipulize na kompresa, kisha niichovye kwenye oili iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Wa pili anasema sponji isiguswe na oili kabisa, kwa sababu oili inaziba hewa na pikipiki inakula mafuta. Nimsikilize yupi?"

Habari ni njema, ndugu, na umefanya vizuri kufungua boksi hilo mapema. Kwa bahati mbaya mafundi wako wote wawili wamekosea, na kosa la wa pili ndilo litakalokugharimu zaidi. Wa kwanza anajua kwamba sponji inahitaji oili, ila vitu vyote vitatu alivyokushauri utumie, yaani petroli, kompresa na oili chakavu, vinaharibu. Wa pili anaogopa jambo la kweli, kwamba sponji iliyolowa kupita kiasi inabana hewa, lakini dawa yake inaiacha injini bila chujio.

Ili uone kwa nini, siku ukishaiosha na kuikausha sponji hiyo, inyooshe mbele ya mwanga. Utaona mwanga unapenya. Vitundu vyake ni vikubwa mno kuliko vumbi linaloua injini. Vumbi baya zaidi kwa ringi (pete za pistoni) na ukuta wa silinda ni lile la kati ya mikroni 5 na 20 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), wakati unywele wa kichwani una kama mikroni 70. Chembe hizo huzioni zikiwa moja moja. Utando wa oili kati ya ringi na silinda una unene wa mikroni chache tu, kwa hiyo chembe ya ukubwa huo inafika pande zote mbili kwa pamoja na kuanza kusaga. Na chembe za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha silinda.

Sponji kavu inazuia majani, wadudu na changarawe. Vumbi laini linapita. Kinacholikamata ni oili iliyopakwa kwenye nyuzi za sponji. Hewa inapokata kona ndani ya vile vitundu, chembe ya vumbi ni nzito kuliko hewa, haiwezi kukata kona hiyo, inagonga uzi wenye oili na kunasa hapo. Kisha oili inapanda taratibu juu ya chembe iliyonasa na kuilowesha, nayo inakuwa sehemu ya mtego. Ndiyo maana sponji iliyopakwa vizuri inaweza kubeba vumbi jingi bila kubana hewa haraka.

Piga hesabu ya hewa inayohusika. Injini ya sisi 150 ya mipigo minne ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inavuta hewa mara 3,000. Silinda ingejaa kila mara, hizo ni lita 450 kwa dakika. Kwa kuwa haijai kikamilifu, chukulia lita 350 hivi ukiwa umefungua gesi yote. Kwa saa moja ni zaidi ya lita 20,000, zote zikipita kwenye sponji yenye ukubwa wa kiganja. Barabara ya vumbi ikiwa mbele yako na sponji ikiwa kavu, injini inameza vumbi hilo saa nzima.

Sasa tuje kwenye boksi lako. Usioshe kitu bado. Kwa pikipiki iliyotumika, boksi la chujio linaeleza jinsi mwenye pikipiki aliyetangulia alivyoitunza, na ukilifuta kabla ya kulisoma umepoteza maelezo hayo.

Toa sponji pole pole ili uchafu usidondokee upande wa kabureta. Funga kidole kwa tambara jeupe lisilotoa nyuzi, kiingize ndani ya mpira unaotoka kwenye boksi kwenda kwenye kabureta, ukizungushe mara moja, ukitoe. Tambara likitoka safi au na unyevu kidogo wa oili, chujio limekuwa likifanya kazi. Likitoka na rangi ya udongo, chukua uchafu huo katikati ya kidole gumba na cha shahada, usugue. Ukihisi punje zinakwaruza, vumbi limekuwa likipita, na kazi yako sasa ni kutafuta limepitia wapi: kwenye sponji yenyewe, kwenye ukingo wake, au kwenye ufa wa mpira. Kosa hilo lisipotafutwa, usafi wote unaofuata ni wa bure.

Halafu chunguza oili iliyotuama. Oili nyeusi ya vijiko viwili ina asili tatu zinazowezekana. Ya kwanza ni sponji iliyopakwa kupita kiasi, na ziada ikachuruzika. Oili maalumu ya sponji mara nyingi hutiwa rangi, ya buluu, nyekundu au kijani, na hata ikichafuka bado inanata kama asali nyepesi. Ya pili ni kwamba sponji ilichovywa kwenye oili chakavu, kama fundi wako wa kwanza anavyoshauri. Ya tatu ni pumzi ya injini. Injini nyingi zina paipu inayotoa mvuke wa oili kutoka kwenye kreki (sehemu ya chini ya injini yenye oili) na kuuingiza kwenye boksi la chujio ili uvutwe na kuunguzwa. Ringi zikichakaa, moshi wa mwako unapenya chini ya pistoni na kuisukuma oili kupitia paipu hiyo.

Hizi mbili za mwisho zinafanana kwa macho, zote nyeusi na nyepesi, lakini kuna namna ya kuzitofautisha. Futa boksi lote hadi likauke, futa na mdomo wa paipu ya kupumulia, funga sponji safi, endesha kilomita 200 hivi, ufungue tena. Mdomo wa paipu ukiwa na unyevu mwembamba tu, shida ilikuwa kwa aliyepaka. Ukikuta oili imetuama tena na njia yake inaanzia kwenye paipu, tatizo liko kwenye injini.

Hata hivyo usikimbilie kushusha injini. Anza na kipimo cha oili, kwa sababu watu wengi wanaongeza kupita kiasi. Simamisha pikipiki wima kwenye stendi ya katikati, subiri dakika chache baada ya kuzima, kisha pima. Kwenye pikipiki nyingi ndogo kijiti cha kupimia kinaingizwa na kuachwa kikae juu ya tundu bila kukazwa. Ukikikaza ndipo upime, kinazama zaidi, kinaonyesha oili nyingi kuliko iliyopo, na mambo yanageuka: unaamini imejaa kumbe imepungua. Kitabu cha pikipiki yako kinasema ipi ni sahihi kwako. Oili ikiwa juu ya alama ya mwisho, punguza, na huenda habari ikaishia hapo. Hata pikipiki iliyoangukia ubavu mara moja inaweza kumwaga oili kwenye boksi. Lakini ikiwa kipimo ni sahihi, oili inarudi kwenye boksi, na ekzosi inatoa moshi wa bluu ukifungua gesi, pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) kabla ya kununua spea yoyote.

Rangi ya maziwa au kahawa yenye maziwa ni jambo jingine: hayo ni maji yaliyochanganyika na oili. Mara nyingi yanatoka kwenye mvuke wa injini inayotumika kwa safari fupi fupi bila kupata joto la kutosha, au kwenye maji ya presha wakati wa kuosha pikipiki.

Kabla ya kuosha, hakikisha kilichomo ni sponji ya kuoshwa. Yapo machujio ya karatasi kavu, na yapo ya karatasi iliyolowekwa oili kiwandani, ambayo ukiigusa inanata kidogo. Karatasi ya aina hiyo haioshwi, haipulizwi wala haiongezwi oili. Ikijaa inabadilishwa. Yapo pia ya kitambaa cha pamba kilichobanwa kati ya nyavu za waya na kukunjwa mikunjo. Hayo yanaoshwa na kupakwa oili, ila kwa dawa na oili yake, na utaratibu wake ni tofauti kidogo. Nitaugusa mwishoni.

Kwa sponji, angalia kama ni yenyewe. Kwenye pikipiki zilizopita mikononi mwa watu wengi, ni kawaida kukuta kipande cha sponji ya godoro au ya kuoshea vyombo kimekatwa kwa mkasi na kusukumizwa ndani. Sponji ya godoro haikutengenezwa kuhimili mafuta wala mvuke wa petroli. Inalainika, inakatika, na vipande vyake vinavutwa kwenye kabureta. Sponji sahihi ina umbo linalolingana na fremu yake, kingo zilizokatwa kiwandani, na kwa nyingi kuna tabaka mbili zilizogandishwa pamoja, la nje lenye vitundu vikubwa na la ndani lenye vitundu vidogo. Angalia pia kama fremu ya plastiki au wavu wa waya unaoishikilia upo. Sponji isiyo na fremu inavutwa kuelekea kwenye mdomo wa kabureta, ukingo wake unakunjika, na hapo hewa inapita pembeni bila kuchujwa.

Sasa swali lako hasa: ya kutupwa au ya kuosha? Inayonata kwa sababu ya oili na inayonata kwa sababu inaoza hutazitofautisha kwa macho tu. Iminye kati ya vidole viwili kisha iachie. Nzima inarudi kwenye umbo lake papo hapo. Iliyokwisha inabaki imebonyea, au inaacha punje nyeusi kwenye vidole, au inachanika ukiivuta kidogo tu. Pitisha kucha kwenye maungio ya gundi kuzunguka sponji yote. Gundi ikiwa imeachia hata sehemu ndogo kama kucha ya kidole kidogo, itupe. Wengine hushona au kubandika tena kwa gundi ya kawaida. Mvuke wa petroli unaiyeyusha gundi hiyo, na huna namna ya kujua imeachia lini, kwa sababu pikipiki haitabadili mlio wala nguvu. Sponji mpya ni miongoni mwa spea za bei ndogo kabisa kwenye pikipiki, na ndiyo inayolinda sehemu za bei kubwa kabisa. Ukiwa na shaka, nunua.

Ikipita majaribio hayo, osha hivi. Vaa glavu za mpira, kaa mahali penye hewa na mbali na moto. Mimina mafuta ya taa kama nusu lita kwenye beseni. Petroli iache: inaiyeyusha gundi ya maungio, inaivimbisha sponji, na mvuke wake unashika moto kwa cheche ndogo sana. Kama unapata dawa ya kuoshea sponji isiyoshika moto, hiyo ni bora kuliko mafuta ya taa. Anza kwa kusuuza upande wa nje, ule uliobeba vumbi, ili uchafu usisukumwe kwenda ndani. Kisha izamishe yote na uiminye kwa viganja, mara 10 hadi 15. Kuminya, si kukamua kwa kusokota kama nguo. Ukiisokota unachana kuta za vitundu na kutanua maungio, na uharibifu huo hauonekani kwa macho.

Mwaga mafuta hayo machafu kwenye chombo chenye kifuniko, si kwenye udongo wala mtaro, na yapeleke yanakokusanywa oili chakavu. Rudia na mafuta safi kidogo. Baada ya hapo mafuta ya taa yenyewe lazima yaondoke, kwa sababu utando wake unazuia oili mpya isishike. Chukua maji ya uvuguvugu lita tatu, tia kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya maji ya vyombo, minya tena, badilisha maji hadi yasichafuke. Suuza kwa maji mengi, safari hii yakitoka ndani ya sponji kwenda nje.

Usuuzaji wa mwisho ufanye kwenye bakuli jeupe. Minya sponji ndani ya maji safi, itoe, yaache maji yatulie dakika tano, kisha tazama chini ya bakuli. Ukiona punje zimekaa chini kama unga wa chokoleti, rudi kwenye sabuni. Punje hizo zingebaki, zingekuwa upande wa ndani, na safari yao inayofuata ni kwenye silinda. Watu wengi wanaacha kuosha mara tu sponji inapopata rangi yake. Rangi inarudi mapema kuliko usafi.

Kukausha kunataka subira na hakuna njia ya mkato. Ibane kati ya taulo mbili safi, kisha iache kivulini penye upepo kwa saa 12 au zaidi, kutegemea unene. Jua kali na joto la ekzosi vinaikausha juu na kuizeesha. Kompresa inararua kuta za vitundu na kufungua gundi. Unyevu ukibaki ndani, oili haishiki pale palipo na maji, na utakuwa na mabaka yasiyo na kinga hata kama nje panaonekana sawa. Ndiyo maana mwenye kutegemea pikipiki kila siku anapaswa kuwa na sponji mbili: moja kwenye boksi, nyingine imeoshwa, imepakwa oili na kufungwa kwenye mfuko wa plastiki. Hapo hakuna atakayekushawishi kuendesha bila chujio "kwa leo tu". Safari moja ya namna hiyo nyuma ya lori kwenye vumbi inatosha kuanza kuharibu ringi.

Kuhusu oili yenyewe, chagua kwa mpangilio huu. Bora kabisa ni oili maalumu ya sponji. Inapopakwa ni nyepesi kwa sababu imechanganywa na kiyeyushi, inasambaa kila mahali, kisha kiyeyushi kinapaa na kuacha utando mzito unaonata, usiochuruzika. Vitabu vya pikipiki nyingi za zamani vinaelekeza oili ya gia ya SAE 80 au 90, na bado inafanya kazi vizuri. Vingine vinaruhusu oili mpya ya injini. Hiyo ya injini inafaa, ila haina gundi ndani yake: pikipiki ikisimama siku kadhaa, oili inashuka chini ya sponji, juu panabaki pakavu, na chini panabana hewa. Ukiitumia, fungua na kukagua mara nyingi zaidi. Oili chakavu usiitumie hata kwa dharura. Imebeba masizi, chembe za chuma na mabaki ya petroli, nawe unaiweka mahali ambapo ikichuruzika inaingia moja kwa moja kwenye injini. Oili ya kupikia inageuka utomvu mgumu. Oili ya breki, grisi na dawa za kupuliza za kulegezea nati hazina kazi hapa.

Kiasi ndicho kinachowagombanisha mafundi wako. Kwa sponji ya pikipiki ya sisi 100 hadi 150, yenye ukubwa wa kiganja, mililita 30 hadi 50 zinatosha. Kijiko cha chakula ni mililita 15, kwa hiyo ni vijiko viwili hadi vitatu. Sponji kubwa za pikipiki za kwenye matope na milima zinaweza kutaka mililita 80 hadi 120. Iweke sponji ndani ya mfuko safi wa plastiki, mimina mililita 30, funga mdomo, na ukande kama unga wa chapati kwa dakika mbili. Itoe uitazame. Rangi iwe moja kuanzia ukingo hadi ukingo, ndani na nje. Penye rangi hafifu hapana oili, basi ongeza matone hapo hapo na ukande tena. Usimimine upya juu ya sponji nzima.

Kisha toa ziada. Minya kwa viganja vyote viwili, halafu ikunje ndani ya tambara safi na kubana kwa nguvu mara moja. Kipimo ni hiki: ukiiminya kidogo, tone lisidondoke, lakini kidole kikitoka kiwe kinang'aa oili na kunata. Tone likidondoka, ni nyingi. Kidole kikitoka kikavu, ni kidogo. Ukiwa na mizani ya jikoni, pima sponji ikiwa kavu na uipime tena baada ya kupata kiasi kizuri, uandike tofauti. Mara inayofuata hutabahatisha. Kwa oili maalumu, iache kwanza ikae kwa muda ulioandikwa kwenye chupa ili kiyeyushi kipae. Ukiifunga mbichi, injini inavuta kiyeyushi hicho, na oili ambayo bado ni nyepesi inachuruzika.

Ikizidi, dalili zake ni hizi: pikipiki nzito kuwaka asubuhi, plagi nyeusi yenye masizi makavu, moshi mweusi ukifungua gesi, na oili chini ya boksi kama uliyoikuta. Kwa hiyo hofu ya fundi wa pili ina msingi. Tiba yake ni kuiminya sponji vizuri.

Wakati sponji inakauka, shughulikia boksi. Ziba mdomo wa mpira wa kabureta kwa tambara, futa boksi lote kwa tambara lenye mafuta ya taa kidogo, kisha kwa kavu. Chini ya boksi huwa kuna kijipaipu cha kutolea uchafu chenye kizibo. Kitoe, kisafishe, kirudishe na kizibo chake. Kizibo kikiwa kimepotea na paipu hiyo iko upande wa baada ya chujio, injini inavuta hewa ya barabarani moja kwa moja kupitia hapo. Kagua pia kifuniko: kama kuna matundu yaliyotobolewa ili "pikipiki ipumue", yazibe au ubadilishe kifuniko. Matundu hayo yanaingiza maji, na mchanganyiko wa hewa na mafuta ambao kabureta ilipangiwa unavurugika.

Mpira kati ya boksi na kabureta ukunje kwa vidole kila upande, hasa chini, mahali ambapo jicho halifiki. Mpira wa zamani unapasuka kwenye mikunjo yake, na ufa unafunguka tu injini inapovuta. Kaza klempu zote mbili. Na usisahau mpira wa mbele, kati ya kabureta na silinda. Ufa hapo unavuta vumbi kwa nguvu kubwa zaidi. Nyunyizia maji kidogo kwenye mpira huo injini ikiwa inaunguruma polepole bila gesi. Mlio ukibadilika ghafla, panavuja.

Unapofunga sponji, paka grisi isiyoyeyuka kwa maji kwenye ukingo wake unaogusa boksi, mstari mwembamba unaozunguka wote bila kukatika. Iweke kwenye fremu, hakikisha kila kipini kimepita kwenye tundu lake, ibonyeze, kisha zungusha kidole kwenye ukingo mzima ukihisi kama kuna mahali pamekunjika. Sponji safi, yenye oili sawasawa, ikiwa na mwanya wa milimita moja ukingoni haikusaidii kitu, kwa sababu hewa inafuata njia rahisi. Ukingo uliokunjika unaua injini nyingi zenye sponji nzuri.

Kuthibitisha, paka utando mwembamba wa grisi nyeupe ndani ya mpira, upande wa baada ya chujio, na uendeshe kilomita 100 hadi 200 kwenye njia yako ya kawaida. Fungua utazame. Grisi ikiwa bado nyeupe, kazi imekamilika. Ikiwa na vumbi kama imenyunyiziwa pilipili, tazama limekaa upande gani, kwa sababu vumbi linakaa karibu na lilipoingilia. Ifute grisi yote baada ya jaribio.

Kuna jambo moja la kabureta linalowashangaza wengi baada ya kuweka chujio safi. Pikipiki iliyokaa na sponji iliyoziba inavuta petroli nyingi mno kwa hewa kidogo inayopita, na huenda mtu alishapunguza petroli ili kuficha moshi mweusi. Sasa hewa imerudi, na petroli inakuwa haba. Ukisikia inapiga piga kwenye ekzosi unapofunga gesi, inakosa nguvu katikati, na plagi inakuwa nyeupe badala ya kahawia hafifu, rudisha kabureta kwenye mpangilio wa kiwandani: klipu ya sindano kwenye mfuo ulioelekezwa na kitabu, mara nyingi wa katikati, na skrubu ya mchanganyiko iliyofunguliwa mizunguko iliyoandikwa humo, kwa nyingi kati ya 1.5 na 2.5 kutoka ilipokaa kabisa. Usirudishe uchafu ili ikae sawa.

Muda wa kuosha unategemea vumbi kuliko kilomita. Kwenye lami tupu, fuata kitabu. Kwenye barabara za vumbi, fungua kifuniko kila wiki utazame. Rangi ya vumbi ikishafunika rangi ya oili kwenye sehemu kubwa ya uso wa nje, osha, usisubiri nguvu ipungue. Ukiwa umevuka maji yaliyofika kwenye boksi, fungua siku hiyo hiyo, maana maji yanaiosha oili kwenye nyuzi.

Na kama chujio lako lingekuwa la kitambaa cha pamba, ungelilowesha kwa dawa yake kwa dakika 10 bila kuiacha ikauke, ukalisuuza kwa maji ya presha ndogo kutoka ndani kwenda nje, ukalikausha kwa hewa ya kawaida tu, kisha ukapitisha mstari mmoja wa oili yake kwenye kila mkunjo. Baada ya dakika 20 mabaka meupe yaliyobaki yanaongezwa tone moja moja.

Kwa pikipiki yako, kwa kuwa hujui imemeza vumbi kiasi gani, badilisha oili ya injini pamoja na kazi hii, kisha pima tapeti (nafasi za valvu). Andika vipimo vyake, na uvipime tena baada ya kilomita 1,000. Nafasi ya valvu ya kuingiza hewa ikiwa imejibana sana kuliko mwanzo wakati ile ya kutolea moshi imebaki ilivyo, kiti cha valvu kinasagwa na vumbi, na bado kuna mahali panavuja kati ya boksi na silinda. Anza kupatafuta kwenye mpira wa mbele.